Waingiao Shirika Kwanza Waafikiane Namna ya Kutoka

Haipiti juma ila nasikia, barazani au msibani, harusini au ndani ya daladala, marafiki wakiafikiana kwa furaha kuu kwamba sasa wakati umewadia wa kufanya jambo la pamoja: kununua shamba Mkuranga, kuchimba kisima kwao walikozaliwa, kuagiza pikipiki mbili za biashara, kufungua duka la vifaa vya ujenzi, au kuchangishana kila mwezi ili mtoto wa yeyote miongoni mwao asifukuzwe shule kwa kukosa ada. Na haipiti mwaka ila nasikia tena, safari hii kwa sauti ya chini, kwamba jambo lile limekwama, na watu waliokuwa wakila sahani moja sasa wanapishana njiani bila salamu. Baina ya habari hizi mbili ipo kauli moja ambayo hutamkwa siku ya kwanza na hupokewa na kila mtu aliyepo: "Sisi ni ndugu, ya nini kuandikiana?"

Kauli hiyo hutoka katika moyo mwema, nami siwezi kuwadharau waisemao. Lakini naiona kuwa chanzo cha hasara na uadui mwingi kuliko hata wizi wenyewe. Rai yangu ni kwamba marafiki wanaoazimia kushirikiana mali au kazi wanao wajibu, kabla ya kutoa shilingi ya kwanza, wa kuafikiana kwa maandishi na mbele ya mashahidi, na kwamba la kwanza katika maafikiano yao, kabla ya kuulizana faida itagawanywaje, liwe ni namna ya mmoja wao kutoka: akichoka, akihama, akifilisika, au akifa. Anayeona kwamba kuulizana hivyo ni kukosa imani na atazame ni nani anayedhurika pale imani inapokosa ithibati. Ni mke aliyeahirisha kuezeka chumba cha pili ili mumewe atoe mchango. Ni mtoto aliyebakia nyumbani muhula mzima. Watu hawa hawakuwapo barazani siku ya kuafikiana, wala hakuna aliyewauliza kama nao wanajiona ni ndugu.

Ada ya waliotutangulia

Wako wasemao kwamba kuandikiana ni ada ya kigeni iliyoletwa na ofisi na mahakama, na kwamba wazee wetu walishirikiana kwa neno tu. Nusu ya madai hayo ni kweli. Neno la wazee lilitosha, lakini lilitosha kwa sababu lilikuwa neno lenye sharti, lililosemwa hadharani mbele ya watu wenye uwezo wa kulidai. Mvuvi wa pwani aingiapo chomboni anajua, kabla ya tanga kupandishwa, kwamba samaki wakipatikana kuna fungu la chombo, kuna fungu la nyavu, kuna la nahodha, na yanayobaki ni ya mabaharia. Ndugu wa tumbo moja hugawana vivyo hivyo, wala hapana aonaye kwamba mgawo huo umeutia doa udugu wao. Uchagani, jamaa waliochimba mfereji pamoja waliusafisha pamoja, na asiyetokea siku ya kazi alitozwa faini, na aliyekaidi alinyimwa zamu yake ya maji. Katika upatu, ambao kwa Wakongo ni likelemba na kwa Wanyarwanda ni ikimina, na ambao akina mama wa Dar es Salaam huuita mchezo tu, kila mmoja hutoa kiasi kilekile siku ileile, zamu hujulikana tangu mwanzo, na kijumbe anayekusanya na kukabidhi hubeba lawama ya kila pengo. Ni wapi katika haya mtu aliachiwa kubahatisha?

Tazama pia Ikhwani Safaa ya Unguja, iliyoasisiwa mwaka 1905 na watu waliopenda kukaa pamoja na kuufaidi muziki. Urafiki wa waasisi ulikatwa na mauti, kama urafiki wote ukatwavyo; klabu yao ingali hai baada ya zaidi ya miaka mia moja, kwa kuwa kile walichokianzisha kilikuwa na jina lake na mambo yake, mbali na mifuko ya wenyewe. Na jumba la African Association la Dar es Salaam, ambamo TANU iliasisiwa tarehe 7 Julai 1954, lilijengwa kwa kujitolea kwa wanachama; kama wangaliliandika kwa jina la mmoja wao, warithi wake wangalishindana na nani?

Kwa Waislamu, ambao ni wengi katika pwani hii, hoja ya kwamba maandishi ni dalili ya shaka haina hata pa kusimama. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani, nayo ni ya 282 ya Suratul-Baqara, inahusu uandishi wa madeni na uwekaji wa mashahidi, na waliosomeshwa aya hiyo kwanza walikuwa masahaba, watu ambao udugu wao sisi hatuufikii. Wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii walizipanga sharti za shirika kwa insafu kubwa: faida na hasara hugawanywa kwa kadiri ya mtaji wa kila mshirika, kila mmoja anayo haki ya kulivunja shirika wakati autakao, na kifo au wazimu wa mshirika mmoja hulivunja lenyewe. Yaani mlango wa kutoka ulijengwa pamoja na mlango wa kuingilia. Sisi tulio warithi wa elimu hiyo tumejenga nyumba zenye mlango mmoja, na kisha tunashangaa watu wanapopita madirishani.

Muhali

Nimesikiliza mashauri mengi ya marafiki waliokosana, nami nimekinai kwamba wengi wao hawakuibiana. Waliangamizwa na muhali: ile haya ya kumdai unayempenda, haya ya kumwambia kwamba hesabu yake haikutimia, haya ya kusema "mimi sitaweza" mbele ya wenzako waliokwisha kusema "tutaweza."

Chukua marafiki watano walionunua ekari kumi. Siku ya mauziano ni mmoja tu aliyepata nafasi ya kwenda hadi ofisi ya kijiji, na kwa kuwa muuzaji alikuwa na haraka na mtendaji alitaka jina la mnunuzi, likaandikwa jina lake peke yake, na wanne waliobaki wakapelekewa picha ya karatasi kwa simu, wakaifurahia. Mwaka wa kwanza ulipita vizuri. Mwaka wa pili ikahitajika fedha ya palizi na ya mlinzi, na wa pili miongoni mwao, ambaye mwanawe alikuwa amelazwa, hakuwa nayo. Wenzake waliona muhali kumuuliza; naye aliona muhali kujieleza. Akaanza kuikwepa baraza. Wa tatu akahamishiwa kazi Kigoma, na kwa umbali ule shamba likawa kwake habari ya kusimuliwa. Wa nne, mwanawe alipofaulu na ada ikawa kubwa, akataka kuuza fungu lake. Lakini kwa bei gani? Ile waliyonunulia, au ile ambayo barabara mpya imeipandisha? Na yule wa kwanza, mwenye jina katika karatasi, ambaye kwa miezi mingi alimlipa mlinzi kutoka mfukoni mwake na hakusema kwa kuona muhali, sasa ameanza kuhisi moyoni kwamba haki yake ni kubwa kuliko ya wengine.

Katika watano hawa nionyeshe mwizi. Hayupo. Kila mmoja anayo hoja, na hoja ya kila mmoja ni ya haki ukiisikiliza peke yake; kilichokosekana ni maneno ambayo wangaliweza kuyasema kwa saa moja siku walipokuwa bado wanacheka.

Kisha yule mwenye jina afe. Baada ya arobaini ukoo unakaa kikao, anateuliwa msimamizi wa mirathi, anakwenda Mahakama ya Mwanzo kuthibitishwa, na katika orodha ya mali za marehemu ekari kumi zote zimo. Nani wa kumlaumu? Yeye ameikuta karatasi, na karatasi inasema hivyo. Marafiki wanne wanajitokeza na kusema kwamba mafungu manne kati ya matano ni yao. Mjane, ambaye hakuambiwa lolote na mumewe, anawaona kuwa ni watu waliokuja kumnyang'anya yatima, naye ana haki ya kuwaona hivyo. Watu waliolibeba jeneza la mwenzao sasa wanasimama kizimbani kushindana na watoto wake. Au geuza habari: afe mmoja wa wale ambao majina yao hayamo. Mjane wake atakwenda kwa nani? Ataonyesha nini? Atafungua simu ya marehemu, kama anaijua namba yake ya siri, atazame ujumbe wa fedha zilizotumwa mwezi baada ya mwezi kwa mtu fulani, bila neno la kueleza zilitumwa kwa ajili gani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa habari ipo, tena nyingi. Kilichopotea ni nyumba ya watoto.

Nalirudia jambo la fedha kukaa katika simu ya mtu mmoja, kwa kuwa limeenea mno na madhara yake hayajasemwa vya kutosha. Mweka hazina muaminifu kuliko wote akipatwa na ajali leo usiku, fedha ya kikundi kizima imefungiwa kwa namba ambayo ni yeye tu aijuaye, katika akaunti ambayo kisheria ni yake, na kwa hiyo itahesabiwa katika mirathi yake. Uaminifu wake haumsaidii mtu yeyote hapo.

Sanduku lenye kufuli tatu

Wapo waliolitambua jambo hili mapema, na wengi wao ni wanawake wasio na mali. Mwaka 1991, huko Maradi nchini Niger, shirika la CARE lilianza kuvipanga vikundi vya wanawake vya kuweka na kukopeshana, na utaratibu ule ukasafiri hadi kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikuwa umefika Unguja, kwenye vijiji vilivyo kando ya msitu wa Jozani, na vikundi vya namna hiyo, viitwavyo VICOBA, vikaenea bara yote. Wanachama huwa kati ya 15 na 30, wamegawanywa watano watano wanaodhaminiana. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, wala halifunguliwi ila kikao kimekaa. Fedha huhesabiwa kwa sauti mbele ya wote. Anayechelewa hutozwa faini papo hapo, awe mwenyekiti, awe mama mkwe wa mwenyekiti. Mwisho wa mzunguko hisa hugawanywa, kila mtu huondoka na chake, na anayetaka kuanza upya huanza upya.

Watu husifu riba nafuu na mtaji. Mimi nasifu zaidi zile kufuli, na ile siku ya kugawana. Kufuli tatu humwondolea kila mwenye ufunguo mzigo wa kushukiwa. Na siku ya kugawana humpa kila mwanachama ruhusa ya kuondoka bila kuonekana msaliti, kwa maana siku hiyo wote wametoka, na kubaki kumekuwa ni hiari mpya. Muhali hauna pa kujificha panapohesabiwa kwa sauti.

Hekima hii si ya Afrika peke yake. Wafumaji na mafundi wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao la ushirika mwezi Desemba 1844 wakiwa na unga, siagi, sukari na mishumaa, walijiwekea sharti ya kuuza kwa fedha taslimu tu, kwa sababu maduka ya namna hiyo yaliyowatangulia yaliuawa na mikopo. Mwenye duka la shirika na afikiri: ni nani anayekuja kukopa kwanza? Ni mshirika mwenyewe, na nani atamnyima? Mwendo ule wa ushirika ndio uliofika hata Kilimanjaro, ambako wakulima wa kahawa waliunda KNCU mwaka 1933, ikiwa na vyama vyake vya msingi, daftari zake na wakaguzi wake.

Kinyume cha haya ni vikundi vinavyoundwa kwa sababu fedha imetangazwa. Sheria inazitaka halmashauri zetu zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani ili kuwakopesha bila riba wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa mgawo wa 4, 4 na 2. Ni sheria njema. Lakini nani asiyejua kikundi kilichozaliwa Jumatatu kwa ajili ya fomu ya Ijumaa? Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023, baada ya taarifa za ukaguzi kutaja vikundi hewa na marejesho hafifu, kisha ikarejeshwa kwa utaratibu mpya. Walioumizwa na kusitishwa kule walikuwa vikundi vya kweli, wanawake waliokwisha kununua cherehani kwa mkopo wa kwanza na kungojea wa pili. Katiba ya kikundi iliyonakiliwa kutoka kwa jirani na kubadilishwa jina haimfungi mtu, kwa kuwa hakuna aliyeisoma.

Harusi

Kamati za harusi hazihitaji maneno mengi. Zina makosa yao, na kubwa ni ahadi zinazotolewa kwa ajili ya macho ya watu: mtu anatamka laki mbili kikaoni, na nyumbani mezani hapana mboga, na ahadi ni deni. Lakini katika jambo moja kamati hizi zimefuzu kuliko washirika wa mashamba. Zina tarehe ya mwisho, zina mweka hazina anayesoma mahesabu mbele ya wote, na harusi ikiisha watu hukaa wakavunja kamati, wakala, wakaagana. Kwa nini tuone ni jambo la furaha kuvunja kamati ya harusi, na ni fedheha kuvunja shirika la kuku wa mayai lililokwisha kushindwa miaka miwili iliyopita?

Yapasayo kuandikwa

Karatasi ninayoisema haihitaji lugha ya mahakama. Daftari la shule latosha, mradi majina yawe kamili, kiasi alichotoa kila mmoja kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, na mashahidi watie saini. Ardhi ikinunuliwa, majina ya wote yaingie katika hati ya mauziano, hata kama kumngojea yule aliye safarini kutachelewesha mambo kwa juma zima. Muuzaji asiyeweza kungojea juma zima ana sababu yake, na sababu hiyo yafaa ichunguzwe. Fedha ikae katika akaunti ya kikundi, isiyotolewa bila idhini ya zaidi ya mtu mmoja. Kikundi cha kuweka na kukopeshana kisajiliwe, kama Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavyotaka.

Juu ya kutoka, ambako ndiko kwenye uzito, marafiki wasione haya kuingia katika mambo madogo madogo: kwamba mwanachama akishindwa kuchanga kwa muda waliouafiki, hisa yake ipungue kwa kiasi kinachojulikana lakini isifutike, kwamba anayetaka kuondoka atoe taarifa, mali ithaminiwe na mtu wa nje ambaye wote wamemridhia, na waliobaki wapewe muda wa kumlipa kidogo kidogo bila kulazimika kuuza kila kitu, kwamba wakishindwa kumlipa, awe huru kumuuzia mwingine, kwamba akifa, warithi wake wachague baina ya kulipwa na kumtoa mmoja wao aingie mahali pake, na kwamba ipo siku moja katika mwaka, inayojulikana, ambapo kila mtu ataulizwa kama angali anataka kuendelea, naye ataweza kusema hapana bila kutoa sababu.

Najua nitaambiwa kwamba maneno haya yatamwondoa rafiki maskini, ambaye hana cha kuandikisha ila nguvu zake. Mimi naona yanamlinda yeye kuliko wote. Aliyetoa fedha ana risiti. Aliyetoa jasho, akalala shambani miezi sita akilinda mihogo ya watano, hana chochote cha kuonyesha isipokuwa wenziwe wamempimia kazi yake na kuiandika kuwa hisa. Na kama rafiki yenu amefikwa na shida nanyi mwataka kumsaidia, msaidieni, iwe hiba, wala msiipe jina la shirika ili kumhifadhi haya yake. Kwa kuwa fedha itolewayo kwa moyo wa sadaka na kuandikwa akilini kama mtaji huja kudaiwa siku ambayo hakuna anayeitazamia.

Yuko pia atakayechukia. Atasimama na kusema kwamba miaka ishirini ya urafiki imedharauliwa kwa karatasi. Asijibiwe kwa ukali. Aulizwe tu kwa upole kama angependa mkewe na wanawe, siku asipokuwapo, waitegemee kumbukumbu ya marafiki zake wanne, wenye shida zao na watoto wao, au maandishi yenye saini zao.

Nakala ya maafikiano na isiishie mikononi mwa katibu. Kila mshirika aichukue ya kwake hadi nyumbani, na mke au mume aisome, aulize asilolielewa, na atie saini yake chini ya ile ya mwenziwe, awe shahidi wa mali ambayo huenda siku moja akalazimika kuidai peke yake.